Kutu Haifunikwi kwa Rangi

Pikapu ya marehemu baba yetu, Datsun 1200, ilikwisha kupata mnunuzi. Fundi alitushauri tuipige puti na rangi tu, iondoke. Tulipoigonga milango kwa vidole, sehemu ya chini ilitoa mlio butu: puti ya zamani juu ya kutu. Tukasita. Je, tumwachie mwenzetu aibu tuliyoiona kwa macho yetu?

Tulivua mapambo ya kromu na mipira ya vioo, kisha tukakwangua hadi chuma kitupu. Matundu ya chini ya milango, yapitishayo maji ya mvua, yalizibwa na udongo. Maradhi yalianzia hapo. Palipooza palikatwa, pakachomelewa bati jipya, pakapakwa rangi ya kuzuia kutu kabla ya puti nyembamba. Kromu tuliisugua kwa karatasi ya foili iliyoloweshwa maji, ikang'aa.

Faida ilipungua. Mnunuzi tulimwonesha kila kiraka. Akagonga mlango mwenyewe, akasikiliza, kisha akahesabu fedha.

Nawe msomaji mwenye gari kuukuu, yazibue matundu hayo kabla ya masika.