Watazamaji Walipoamua Kifo cha Alex

Katika Fatal Attraction, filamu ya Marekani ya mwaka 1987, Alex anampenda mume wa mtu mpaka penzi linageuka wazimu. Sufuria inatokota jikoni. Beth, mke wa bwana huyo, anafunua kifuniko na kumkuta ndani sungura wa mtoto wao. Anapiga ukelele.

Katika mwisho wa awali wa filamu, Alex alijiua. Watazamaji wa majaribio hawakuridhika, walitaka aadhibiwe. Mwisho ukarekodiwa upya: Beth anampiga risasi bafuni.

Glenn Close, aliyeigiza Alex, alipinga vikali. Kwake, Alex alikuwa mgonjwa, si zimwi. Hoja yake ina uzito, kwani mwisho ule mpya ulimvua mwanamke yule utu wake.

Hata hivyo, filamu iliteuliwa kuwania tuzo 6 za Oscar.