Kwa Mtibwa, mechi ya Kaitaba ilianza barabarani
Shabiki huhesabu dakika 90 tu. Lakini kwa Mtibwa Sugar, mabingwa wa Bara 1999 na 2000, kuifuata Kagera Sugar pale Kaitaba ilikuwa shughuli pevu. Kutoka Morogoro mjini, chini ya Milima ya Uluguru, hadi Bukoba ni zaidi ya kilomita 1,100 kwa basi: Dodoma, Singida, Kahama, Biharamulo. Ndege je? Dar hadi Mwanza ni kama saa moja na nusu tu angani, ila kwanza urudi Dar, kilomita 190 hivi kinyume na safari. Wenye fungu wanapaa, wengine wanashuka na miguu imevimba. Halafu kocha anaulizwa mbona vijana wamekata pumzi kipindi cha pili!