Je, Wajua? Ubongo wa inzi una ramani yake

Yule inzi mdogo anayezengea ndizi zilizoiva mno ana ubongo usiofika milimita moja kwa upana, lakini ndani yake mna seli za neva 139,255 na maungio yapatayo milioni 50. Ramani kamili ya mtandao huo, iliyochorwa kutokana na ubongo wa inzi jike mmoja, ilichapishwa Oktoba 2024 na muungano wa FlyWire, chini ya Mala Murthy na Sebastian Seung wa Chuo Kikuu cha Princeton, Marekani.

Kwanza ubongo ulikatwa vipande vyembamba kama 7,000, vikapigwa picha kwa hadubini ya elektroni. Kisha kompyuta ikafuata nyuzi za seli kutoka picha hadi picha. Hapo ndipo kazi ilipokuwa, maana kompyuta hukosea: huunga nyuzi zisizohusiana, au hukatisha uzi njiani. Waliosahihisha ni watu, kwa macho yao: wanasayansi wa maabara nyingi duniani, pamoja na wapenzi wa michezo ya kompyuta waliojitolea. Inakadiriwa usahihishaji huo ungemchukua mtu mmoja miaka 33, kama macho yangemvumilia.

Ramani ya kwanza ya aina hii, ya mnyoo mdogo wa udongoni mwenye seli za neva 302 tu, ilitolewa mwaka 1986 na kundi la Sydney Brenner, mzaliwa wa Afrika Kusini. Na ya binadamu? Seli zetu za neva zinakaribia bilioni 86.