Mali Bila Daftari

Mama mmoja alitujia baada ya sala ya Alasiri, mkononi ana bahasha ya matokeo ya bintiye. Binti aliolewa, akahamia chuo kilicho karibu na kwa mumewe. Afisa alimwambia kwa mdomo kwamba kozi alizokwisha pasi zingehesabiwa zote. Alipomaliza kulipa karo, akaambiwa arudie sita. Nyumba ikaingia ugomvi, binti akataka kuacha masomo.

Tuanze na uadilifu. Chuo kinachopokea ndicho kitakachotoa shahada, hivyo kina haki ya kuchunguza: je, chuo cha kwanza kinatambuliwa na serikali? Mada na saa za kozi zalingana? Alama zatosha? Kozi mbili kuitwa jina moja si hoja.

Lakini mwanafunzi naye ana haki. Kifungu cha 47 cha Katiba ya mwaka 2010 chataka mtu aliyeathiriwa na uamuzi wa kiutawala apewe sababu kwa maandishi. Basi tulimwambia binti aombe sababu za kila kozi iliyokataliwa. Kisha aliomba chuo cha kwanza maelezo kamili ya kozi hizo, akayalinganisha na ya chuo kipya mada kwa mada, akampelekea mkuu wa idara barua ya adabu, na nakala yake akaigongesha muhuri wa kupokewa. Kama idara ingekataa, angepanda kwa mkuu wa kitivo, kisha kwa msajili wa masomo. Chuo cha umma kikinyamaza, ofisi ya Ombudsman hupokea malalamiko bila malipo.

Kozi nne zilikubaliwa. Mbili zilikuwa tofauti kweli, naye anazisoma upya kwa moyo mkunjufu.

Enyi wazazi, dawa bora hutangulia ugonjwa. Kabla ya kuhama, mwana achukue matokeo yenye muhuri na maelezo ya kila kozi. Na kabla ya kulipa karo, apate barua inayotaja kozi zilizokubaliwa, moja moja. Aya ya 282 ya Suratul-Baqara, iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, yatuamrisha kuandikiana deni. Miaka ya ujana wa mwanao yastahiki hadhari hiyo hiyo. Wazee wetu walikwisha tuonya: mali bila daftari hupotea bila habari.

Wabillahi tawfiq.