James Fryars (injini ya mvuke)

James Fryars ilikuwa injini ndogo ya mvuke iliyovuta treni katika reli binafsi ya Hospitali ya Whittingham, katika Lancashire, kaskazini-magharibi mwa Uingereza. Ilifanya kazi huko kuanzia mwaka 1947 hadi 1956. Kabla ya hapo ilijulikana kwa jina la Riddlesdown, na ilikuwa imekwisha kutumika katika reli za kusini mwa nchi kwa miaka 60 hivi.

Hospitali na reli yake

Whittingham ilifunguliwa mwaka 1873, karibu na mji wa Preston, kwa ajili ya wagonjwa wa akili. Fikra za wakati ule zilikuwa kwamba wagonjwa wa namna hiyo wakae shambani, mbali na miji, hivyo majengo yaliwekwa mahali pasipopitiwa na reli. Hospitali ikakua hata ikawa kama mji mdogo: ilikuwa na mashamba yake, posta, mtambo wa gesi, bucha, kiwanda cha bia na bendi ya matarumbeta. Kufikia mwaka 1939 ilikuwa na wagonjwa zaidi ya 3,500, idadi iliyoifanya kuwa hospitali kubwa kuliko zote za aina yake nchini.

Umati wa watu kama huo hula, huoga, hufuliwa nguo na huhitaji joto wakati wa baridi, na yote hayo yalitegemea makaa ya mawe. Kwa sababu hiyo ilijengwa reli ya urefu wa kilomita 3 hivi kutoka kijiji cha Grimsargh, kwenye njia ya Preston hadi Longridge. Ilifunguliwa mwaka 1889. Ilikuwa mali ya serikali ya Lancashire, si ya kampuni ya reli.

Shabaha ya kwanza ilikuwa mizigo, lakini wafanyakazi na wageni nao walisafiri humo, tena bila kulipa nauli. Jambo hilo lisidharauliwe. Wagonjwa wengi walikaa Whittingham miaka mingi, na jamaa zao wengi hawakuwa watu wa kipato. Mama aliyekwenda kumwona mwanawe alikuwa na gharama moja pungufu. Mabehewa yenyewe hayakuwa ya fahari: yalikuwa mabehewa ya breki ya treni za mizigo yaliyogeuzwa kubeba watu. Mwaka 1930 treni za abiria za njia ya Longridge zilisimamishwa, ila treni ya hospitali iliendelea kubeba watu kwa miaka 27 zaidi.

Injini za awali zilitengenezwa na Andrew Barclay wa Scotland. Moja yao ilipochakaa, hospitali ilinunua Riddlesdown kutoka Southern Railway na kuipa jina la James Fryars.

Muundo

Injini hii iliundwa huko Brighton mwaka 1886. Ilikuwa ya aina ya D1, iliyosanifiwa na William Stroudley kwa ajili ya treni za abiria za London na viunga vyake. Injini 125 za aina hiyo ziliundwa kati ya mwaka 1873 na 1887. Stroudley alizipaka rangi ya manjano iliyoiva, ingawa jina rasmi la rangi hiyo lilisema ni kijani. Sababu yake hubishaniwa hadi leo.

Magurudumu manne makubwa ya mbele yaliunganishwa kwa vyuma na kusukumwa na pistoni. Mengine mawili madogo ya nyuma yalibeba uzito tu. Maji yalikaa katika matangi ya pembeni mwa boila, na makaa nyuma ya dereva. Injini ya namna hii haikokoti behewa la pekee la maji na makaa, kwa hiyo huweza kwenda mbele na kurudi nyuma bila shida. Kwenye reli fupi hiyo ni faida kubwa. Inapofika mwisho wa njia, hufunguliwa, hupita reli ya kando, hufungwa upande wa pili wa treni na kuanza safari ya kurudi. Hapana haja ya kujenga mtambo wa kuigeuza. Hasara yake ni kwamba hubeba maji machache, lakini kwa kilomita 3 upungufu huo haukuwa na uzito.

Mwisho wake

Kinachoua injini ya mvuke mara nyingi si magurudumu bali boila. Moto huichosha, maji huacha magadi ndani yake, na chuma hukonda hadi kisiweze tena kuzuia shinikizo la mvuke bila hatari ya kupasuka. Boila ya James Fryars ilifikia hali hiyo, na mwaka 1956 injini ikavunjwa kuwa chuma chakavu. Injini nyingine za D1 zilikuwa zimekwisha kuondolewa kazini miaka kadhaa kabla, hivyo hii ya hospitali ndiyo iliyokuwa ya mwisho kati ya zote 125. Hakuna hata moja iliyohifadhiwa.

Kazi iliyobaki ilifanywa na Gradwell, injini ndogo ya kampuni ya Sentinel yenye boila iliyosimama wima. Reli ilifungwa tarehe 30 Juni 1957. Hospitali yenyewe ilifungwa mwaka 1995.