Misimu Miwili ya Muhogo

Siku ya mavuno kwenye shamba la majaribio, ukubwa wa muhogo si jambo la kwanza. La kwanza ni kisu. Mtafiti anakata mzizi vipande vipande, toka kikonyoni hadi nchani, anatazama nyama ya ndani na kuipa alama, kuanzia 1 hadi 5. Alama 1 ni nyama nyeupe, safi. Alama 5 ni mzizi ulioliwa na madoa makavu ya kahawia, haufai kwa kuchemsha wala kwa makopa. Na huenda shina lililouzaa lilikuwa limesimama vizuri, majani yamestawi, mkulima akihesabu kwamba mwaka huu chakula kipo.

Huo ni ugonjwa wa michirizi ya kahawia. Unaletwa na virusi vya aina mbili, vinavyosafirishwa na inzi weupe na, kibaya zaidi, na sisi wenyewe tunapopeana pingili za mbegu. H. H. Storey aliuandika mwaka 1936 akiwa Amani, kwenye milima ya Usambara, na kwa miongo mingi ulihesabiwa kuwa ugonjwa wa pwani na nyanda za chini. Mwaka 2004 ukaonekana Uganda, kwenye ardhi iliyo juu ya mita 1,000. Titus Alicai na wenzake walitoa taarifa hiyo kwa ulimwengu mwaka 2007. Wakulima wa huko walikuwa ndiyo kwanza wamepumua baada ya ugonjwa wa batobato kali, wamepanda mbegu inayohimili batobato, kumbe baadhi ya mbegu hizo hazikuwa na kinga dhidi ya michirizi.

Kazi ya kutafuta mbegu inayohimili magonjwa yote mawili ndiyo wanayoirithi vijana wa uzamili na uzamivu. Chuo Kikuu cha Makerere kina kituo cha uboreshaji wa mazao huko Kabanyolo, kaskazini ya Kampala, kinachofundisha waboreshaji wa mbegu kutoka nchi mbalimbali za Afrika. Anayechagua maharage ana nafuu: Uganda ina mvua mbili, anaweza kuvuna mara mbili kwa mwaka. Anayechagua muhogo anangoja takriban miezi 12. Shahada ya uzamivu ni miaka mitatu au minne. Toa mwaka wa masomo na wa kuandaa pendekezo, toa miezi ya kuandika tasnifu. Kinachobaki ni misimu miwili. Aina mpya ya muhogo, kwa njia ya kawaida, huchukua miaka 8 hadi 10.

Kwa hiyo hakuna mwanafunzi anayemaliza na mbegu mpya mkononi, na si haki kumpima kwa hilo. Anamaliza na kipande cha kazi hiyo. Joseph Ndunguru aliandika tasnifu yake katika Chuo Kikuu cha Pretoria kuhusu virusi vya batobato Tanzania. Aliporudi Mikocheni, Dar es Salaam, ujuzi ule ukawa msingi wa maabara ya kutambua virusi vya muhogo, na nchi jirani zikaja kushirikiana. Hayo ndiyo mafanikio ninayoyaheshimu: mtu anarudi, na wengine wanapata pa kujifunzia.

Vipande vingine ni vya zamani kuliko wanaovishika. Watafiti wa Amani waliwahi kuchanganya muhogo na jamaa yake wa porini, mti wa mpira wa Ceará. Moja ya mbegu zao inaitwa Kaleso kwa Wakenya na Namikonga kwa Watanzania. Vipimo vya vinasaba vimeonyesha kwamba ni kitu kimoja, na mpaka leo ni miongoni mwa mihogo inayostahimili michirizi vizuri. Mwaka 2017 ilichapishwa ramani ya sehemu za vinasaba zinazoipa nguvu hiyo, baada ya kuichanganya na aina iitwayo Albert.

Mipango ya sasa inanitia moyo. Mwaka 2019 maabara ya DSMZ, Ujerumani, ilieleza kuhusu mihogo ya Amerika Kusini ambayo virusi vya michirizi vinashindwa kuzaliana ndani yake. Ila batobato inaiangusha, kwani huko kwao haikuwahi kukutana nayo. Sharti iozeshwe na mihogo ya kwetu: chavua ua kwa mkono, lifunike kwa mfuko, ungoje tunda lenye mbegu tatu tu, tena ukibahatika. Upande wa pili, usomaji wa vinasaba unamwezesha mtafiti kukisia uwezo wa mche ungali mdogo, asingoje mwaka mzima na kisu chake.

Linaloniumiza ni kinachotokea baada ya joho. Ufadhili unaisha siku ya mahafali, au kabla. Pingili za muhogo hazihifadhiwi ghalani kama mahindi; zikikaa wiki chache zinakauka. Mistari mia ya miche iliyopimwa kwa misimu miwili inahitaji mtu wa kuipanda tena mvua ijayo, na wa kumlipa kibarua wa palizi. Vyuo na serikali zetu zitenge fedha za msimu wa tatu na wa nne kwa jina la shamba, si kwa jina la mwanafunzi, ili anayeingia Septemba akute pingili zimeshakatwa, zimefungwa mafungu, na kila fungu lina kibandiko cha yule aliyetangulia.