Tangi la Samaki la Mtumba, na Ile 1,500 Tuliyotuma kwa Haraka

Wacha tuanze na aibu yetu, tuimalize mapema. Sisi ndio tunaowaandikia kila mara kwamba msitume pesa kwa muuzaji msiyemjua kabla ya kuona mali kwa macho. Mwezi wa Juni tulituma. Shilingi 1,500, tena za mchango wa ofisi, kwa ajili ya tangi la samaki ambalo hadi leo hatujui kama lilikuwepo.

Mambo yalikwenda hivi. Tulikuwa watu 12, kila mmoja akatoa 500, tukapata 6,000. Tulitaka samaki mmoja wa betta akae pale mapokezi, maana wageni wanaosubiri hawana cha kutazama isipokuwa simu zao. Tangi jipya lingemeza pesa zote, kwa hivyo tukaamua kutafuta la mtumba. Kwenye kikundi kimoja cha mauzo mtandaoni tukaona tangi la lita 60, lina filta, taa na hita, kwa 3,000 tu. Picha safi kabisa. Muuzaji akasema wateja ni wengi, tutume nusu atuwekee. Tulipoingiza namba, jina lililotokea kwenye skrini halikufanana hata kidogo na la yule tuliyekuwa tukiongea naye. Akasema ni laini ya mke wake. Tukaweka PIN.

Baada ya dakika kumi hakupatikana tena. Tukakimbia kwa wenzetu wa huduma kwa wateja, ghorofa ya chini, kuomba muamala urudishwe. Walitusikiliza kwa heshima (walicheka baadaye). Lakini pesa zilikuwa zimeshatolewa kwa wakala. Hili tunalieleza kwa sababu wengi mnaamini kurivasi ni kama kubonyeza kitufe cha kurudi nyuma. Ukiomba haraka na pesa bado ziko kwenye akaunti ya mpokeaji, kuna matumaini. Zikishatolewa, kinachobaki ni ripoti polisi, pamoja na ule ujumbe wa muamala kama ushahidi. Usiufute.

Na lile jina linalojitokeza kabla ya PIN halikuwekwa pale kama pambo. Ndiyo nafasi yako ya mwisho. Likikataa kufanana, ghairi, hata kama mwenye laini ni mke, shemeji au mtoto wa jirani.

Tangi la pili, na mama aliyetufundisha kazi

Tukabaki na 4,500 na mioyo mizito. Jumamosi ya mwisho ya Juni tukaenda Kasarani kwa mama mmoja aliyekuwa anahama nyumba. Tangi lake lilikuwa na urefu wa sentimita 40, upana 25 na kimo 25. Kujua tangi lina lita ngapi ni hesabu ya darasani: zidisha vipimo hivyo vitatu, gawa kwa 1,000. Hili ni lita 25, na ukiacha nafasi juu unapata kama 22 za maji. Kwa betta mmoja inatosha. Wafugaji wengi hawapendi chini ya 19 au 20.

Tuseme hapa jambo moja kuhusu vile vikombe na bakuli ambamo betta huuzwa. Samaki huyu ana kiungo maalum cha kuvuta hewa kutoka juu ya maji, ndiyo maana havumilii tu, hata kufa hafi haraka, katika maji machafu yenye hewa kidogo. Wauzaji wamelifanya hilo kuwa tangazo: "hahitaji nafasi." Asili yake ni Thailand, kwenye mashamba ya mpunga na madimbwi yenye majani mengi, ambako maji ni ya kina kifupi lakini eneo ni pana, na joto ni la kutosha. Huko wanamwita pla kat, samaki anayeuma, na mwaka 2019 serikali ilimtangaza kuwa mnyama wa majini wa taifa. Huyo si wa kuwekwa kwenye glasi ya maua.

Turudi Kasarani. Mama alitaka 2,500. Kioo kilikuwa na mikwaruzo na ukungu mweupe wa maji ya chumvi chumvi, tukapatana 2,000. Kabla ya kulipa tuliomba ndoo ya maji, tukalijaza tangi pale uani juu ya sakafu iliyo sawa, tukakaa nusu saa tukinywa chai yake. Halikuvuja. Tukalipa kwa simu, ujumbe ukaingia kwetu, tukamwonyesha. Hakuutazama.

"Mwanangu, ngoja nione salio langu kwanza," akasema. "Ujumbe hata mtoto anaweza kuuandika."

Tulitaka kumkumbatia. Kila siku tunapokea malalamiko ya watu waliouza simu, viti, hata kuku, wakaamini ujumbe wa kughushi ulioandikwa vizuri kuliko wetu. Muuzaji akiangalia salio lake hakutukani. Mngoje.

Kurudi mjini tulilipakata tangi kwenye matatu na kulilipia kiti chake. Nauli yote 300. Kondakta aliuliza kama ni la maiti ya paka.

Usiku ule tuliliacha ofisini limejaa maji juu ya magazeti, na asubuhi kona moja ya gazeti ilikuwa imelowa. Kwa hivyo nusu saa ya uani haikutosha. Jaribio la kweli ni saa 24. Tulinunua silikoni kwa 450. Hapa kuna mtego: silikoni nyingi za hadiwea zimetengenezewa bafu, zina dawa ya kuua ukungu, na dawa hiyo huua samaki vilevile. Tafuta iliyoandikwa kuwa inafaa kwa matangi ya samaki. Silikoni mpya haishiki vizuri juu ya ile kuukuu, kwa hivyo tulikwangua yote ya ndani kwa wembe, tukapangusa kioo kwa spiriti, tukapaka, kisha tukaliacha wiki nzima hadi harufu ya siki ikaisha kabisa. Ukungu mweupe ulitoka kwa siki ya jikoni na kitambaa. Sabuni usiguse. Masalio yake hayaonekani, ila samaki atayajua.

Mwezi wa kutofanya chochote

Mwanzoni mwa Julai mshahara ulikuwa umeingia, kila mtu akaongeza 300, yaani 3,600. Ndipo likaanza swali la kila siku: samaki yuko wapi?

Samaki alikuwa dukani, na alipaswa kubaki huko. Sababu ni hii. Kinyesi cha samaki na chakula kinachobaki hugeuka amonia, na amonia ni sumu. Kuna bakteria wanaoibadilisha kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, halafu wengine wanaobadilisha nitriti kuwa nitrati, ambayo ina madhara kidogo na unaiondoa kwa kubadilisha maji. Bakteria hao hukaa hasa kwenye filta na mawe, na katika tangi jipya hawapo. Kuwapata wakaenea huchukua wiki nne hadi sita. Ukimtia samaki siku ya kwanza, anaogelea ndani ya choo chake mwenyewe, na ile habari ya "samaki hawa ni wa kufa kufa tu" mara nyingi chanzo chake ni hapo.

Tuliweka filta ya sponji na pampu yake ndogo ya hewa, 1,200 zote mbili. Betta ana mapezi marefu na hapendi maji yanayomsukuma, na sponji ni pole. Kila baada ya siku mbili tulitupia chembe chache za chakula zioze, bakteria wapate cha kula. Rafiki mmoja mwenye tangi la siku nyingi alitukamulia uchafu wa sponji yake ndani ya letu. Maji yakawa kama ya mto Nairobi kwa siku moja, kisha yakatakata. Ukiweza kupata uchafu huo kutoka kwa tangi lenye samaki wazima, upokee kwa mikono miwili.

Maji ya mfereji yana klorini, na klorini huua bakteria hao pamoja na kuchoma mashavu ya samaki. Tulinunua dawa ya kuiondoa, 500. Kuyaacha maji kwenye beseni saa 24 husaidia klorini ya kawaida kutoka, lakini ikiwa yametiwa kloramini, beseni halitasaidia. Matone ya dawa ni uhakika.

Halafu baridi. Betta anataka maji ya nyuzi 24 hadi 28. Tulinunua kipimajoto cha 300, na asubuhi moja ya Julai kikasoma 18. Ukiwa Mombasa au Kisumu huenda ukaponea, lakini Nairobi, Nyahururu au Limuru bila hita unajidanganya. Yetu ilitugharimu 1,500. Isiwashwe kabla ya kuzama majini, na ukitaka kubadilisha maji ichomoe ukutani, uipe muda ipoe, la sivyo kioo chake kinapasuka. Waya wa kila kifaa uache uning'inie chini ya soketi kwanza kabla ya kupanda kwenye plagi, ili tone la maji likiteleza lianguke sakafuni badala ya kuingia kwenye stima.

Mawe na mimea, 600. Mwenzetu alileta kombe za baharini alizookota Diani, nzuri ajabu. Tulizikataa, kwa kuwa huyeyuka polepole na kuyafanya maji kuwa magumu. Jiwe lolote usilolijua, litone siki. Likitoa povu, liache nje.

Lakini tuseme ukweli, mwezi huo wa kungoja bakteria ulitufaa hata kwa pesa. Kama tungenunua kila kitu siku moja tungekopa, kwa sababu ya ile 1,500. Badala yake tulinunua kimoja kimoja, na pesa za samaki na chakula tukaziweka kwenye akiba ya simu, mbali na salio la kawaida, ili zisiishie kwenye chai na mandazi. Tangi likiwa na maji tupu mezani linakuvuta sana umalize pesa.

Salio

Wiki ya mwisho ya Agosti tulimnunua, dume wa buluu mwenye mapezi mekundu, 700, na chakula 350. Dukani tulilipa kwa nambari ya till, jina la biashara likatokea sawasawa na lile la mlangoni. Tumemwita Salio. Mfuko wake ulielea kwenye tangi dakika 20 ili joto lilingane, tukamwongezea maji yetu kidogo kidogo, kisha tukamhamisha kwa wavu. Maji ya dukani yalimwagwa. Yuko peke yake, maana dume wawili pamoja watararuana. Juu kuna kifuniko, kwa sababu betta huruka, lakini kati ya maji na kifuniko tumeacha nafasi ya hewa. Anakula punje tatu asubuhi na tatu jioni, na kila Ijumaa tunabadilisha robo ya maji. Tangi lenye maji, kioo na mawe linakaribia kilo 30, kwa hivyo lile stendi la televisheni tulilolipangia mwanzo lilirudi stoo.

Jumatatu moja ya Septemba tulifika tukamkuta amelala chini, mapezi yamejikunja, rangi imefifia. Mtu alikuwa amezima soketi za mapokezi Ijumaa jioni, kwa nia njema ya kuokoa stima. Maji yalikuwa nyuzi 19. Shida ni kwamba ukiwasha hita na kuyapandisha joto kwa kasi unaweza kumuua kwa wema. Tulifunga tangi kwa blanketi la mlinzi, tukaelekeza hita kwanza 21, tukangoja, tukaongeza nyuzi moja moja hadi jioni. Hakuna aliyefanya kazi ya maana siku hiyo. Mida ya saa kumi alipanda juu, akavuta hewa, akashuka. Kesho yake alikula punje moja. Sasa soketi ile ina karatasi ya gundi imeandikwa kwa wino mwekundu, na wikendi kuna zamu.

Kwa wanaopenda hesabu: tulikusanya 9,600 jumla. Tukiweka na ile ya tapeli, tulitumia 9,400. Zimebaki 200 kwenye akiba, za kuanzia chakula kijacho.

Na mwenzetu mmoja tayari ameona tangi lingine, lita 60, bei nzuri, muuzaji anasema wateja ni wengi. Tumemjibu kwamba tunakuja kuliona Jumamosi, na ndoo ya maji tunabeba wenyewe.